Hesabu saa kabla ya karo: njia za kufikia DNP Marekani

DNP si leseni. Naanza hapo kwa sababu kosa linalowagharimu wauguzi miaka na maelfu ya dola huanzia hapo hapo. DNP ni shahada ya uzamivu ya uuguzi wa vitendo, na shahada hiyo peke yake haimruhusu mtu kuandika hata vidonge vya presha. Mamlaka ya kumpima mgonjwa, kusema anaugua nini na kumwandikia dawa hutoka kwenye leseni ya APRN, yaani muuguzi wa ngazi ya juu, ambayo ina fani nne: NP (muuguzi anayepima, kutambua ugonjwa na kutibu), mkunga, muuguzi wa nusukaputi, na mtaalamu wa kliniki anayefahamika kama CNS. Ili kuipata, unasoma programu ya fani yako, unafaulu mtihani wa kitaifa wa fani hiyo, kisha unaomba kwa bodi ya uuguzi ya jimbo.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia ada, andika kwenye karatasi kazi unayotaka kuifanya wiki ya kwanza baada ya mahafali. Zipo DNP za uongozi, za mifumo ya taarifa za afya na za sera. Zinamfaa sana anayelenga ukurugenzi wa uuguzi. Lakini muuguzi mwenye BSN, yaani shahada ya kwanza ya uuguzi, akijiunga nazo akidhani atatoka NP, atavaa joho na kurudi wodini na leseni ile ile ya RN, ya muuguzi wa kawaida aliyesajiliwa. Itambidi arudi darasani achukue cheti cha baada ya uzamili, na saa zote za kliniki za fani hiyo zitakuwa zinamsubiri.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni tetesi kwamba DNP sasa ni lazima kwa kila mtu. Historia yake ni hivi. Oktoba 2004 AACN, chama cha vyuo vya uuguzi, kilipitisha msimamo kwamba ifikapo 2015 wauguzi wa APRN wawe wanaandaliwa kwa ngazi ya DNP. Mwaka 2015 ulipita bila hilo kutimia. Mwaka 2018 NONPF, chama cha wanaofundisha NP, kikaahidi kusukuma lengo hilo hadi 2025. Hayo ni maazimio ya vyama, si sheria, na NP mwenye uzamili, yaani MSN, bado anafanya mtihani na kupewa leseni. Fani iliyofunga mlango kweli ni ya nusukaputi: anayeanza programu tangu Januari 1, 2022 lazima amalize na udaktari, kama DNP au DNAP (udaktari wa vitendo wa nusukaputi). CNS wameweka lengo la 2030. Wakunga hawajalazimishwa.

Na kipato? Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, humlipa NP asilimia 85 ya kiwango cha daktari kwa huduma ile ile, awe na MSN au DNP. Mipaka ya kazi nayo hupangwa na jimbo, haiangalii shahada. Texas inamtaka NP awe na makubaliano ya maandishi na daktari ndipo aandike dawa, Washington haimtaki. DNP haibadilishi hata neno moja katika hayo mawili. Nasema hivi nikiwa naithamini sana shahada hii: inamfundisha muuguzi kurekebisha mfumo mzima badala ya kitanda kimoja. Ila mtu aichukue kwa sababu hiyo, asiichukue kwa kuogopa kwamba leseni yake itafutwa.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe. Nyingi ya tofauti zake zinaamuliwa na namba moja: saa 1,000. Huo ndio msingi uliowekwa na AACN mwaka 2006, saa za mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi, zikihesabiwa kuanzia baada ya shahada ya kwanza. Muongozo mpya wa 2021 umepanga mambo upya kwa kuangalia umahiri, lakini vyuo vingi bado vinaishika namba hiyo. Juu yake kuna sharti la programu za NP: tangu viwango vya 2022, angalau saa 750 ziwe za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja. Zamani zilikuwa 500. Saa ulizofanya kazi kama RN, hata ziwe za miaka 20, hazimo katika hesabu hii.

Kwa aliye na MSN tayari, chuo hufanya ukaguzi wa pengo: saa gani ulishafanya na zipi zimebaki. Tuseme una MSN ya NP wa familia yenye saa 600 zilizothibitishwa. Zimebaki 400. Ukizigawa kwa mihula minne ya wiki 15, ni kama saa 7 kwa wiki, na mtu anayefanya zamu tatu za saa 12 anazimudu. Sasa chukua mwenzako mwenye MSN ya ualimu wa uuguzi yenye saa 120. Zimebaki 880, karibu saa 15 kwa wiki kwa mihula ile ile minne. Tangazo la chuo linawaambia wote wawili “miezi 20, bila kuacha kazi”. Kwa wa kwanza ni kweli. Wa pili ataanza kupunguza zamu mwezi wa tatu, au ataongeza mihula na karo yake.

Hapa barua moja ndiyo inayokwamisha watu. Chuo kipya hakiridhiki na transkripti pekee, kwa sababu transkripti huonyesha krediti na wala haionyeshi saa. Kinataka barua iliyosainiwa na mkuu wa programu uliyosoma, ikitaja idadi ya saa, fani, na kwamba zilisimamiwa. Iombe kabla hujatuma maombi. Programu hufungwa, wakuu hustaafu, na kumbukumbu za zamani huchukua muda kupatikana. Zikikosekana, chuo kinaweza kukuhesabia sifuri.

Uliza pia umri wa kozi zako. Kozi tatu za msingi za APRN, yaani patofiziolojia ya juu, famakolojia ya juu na upimaji wa mgonjwa wa ngazi ya juu, lazima ziwe kozi tatu zinazojitegemea. Ukitaka kubadilisha fani, mathalani kutoka NP wa familia kwenda NP wa afya ya akili, vyuo vingine havikubali famakolojia iliyopita miaka mitano au saba. Kwa anayetaka fani mpya tu, cheti cha baada ya uzamili mara nyingi kinatosha na kina bei nafuu kuliko DNP nzima.

Kwa mwenye BSN kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuunganisha: BSN hadi DNP bila kusimama, miaka mitatu hadi minne kwa muda wote, zaidi kwa muda wa nusu. Ya pili ni kuchukua MSN, kufanya mtihani wa bodi (ule wa kitaifa wa fani), kuanza kazi ya NP, kisha kurudi baadaye kwa DNP fupi. Programu ya kuunganisha kwa kawaida ina krediti chache kuliko jumla ya hizo mbili, na saa zote hupangwa na chuo kimoja, kwa hiyo suala la barua halipo. Gharama yake iko kwenye muda: katika programu nyingi hufanyi mtihani wa bodi mpaka umalize kila kitu, mradi ukiwemo. Kila mwaka unaochelewa ni mwaka wa mshahara wa RN badala ya wa NP. Baadhi ya vyuo humpa mwanafunzi MSN njiani, akafanya mtihani na kuanza kazi huku akiendelea na DNP. Nikiulizwa, hiyo ndiyo njia ninayoipendelea kwa mtu mwenye familia ya kulisha hapa na nyingine nyumbani. Iulize kwa maneno haya: “Nikisimama baada ya sehemu ya uzamili, nitapewa shahada inayoniruhusu kufanya mtihani wa bodi?” Jibu la ndiyo lije kwa maandishi.

Nusukaputi ni dunia yake. Angalau mwaka mmoja wa kazi ya muda wote ICU kabla ya kuingia, miezi 36 ya masomo, saa 2,000 za kliniki na wagonjwa wasiopungua 600. Kufanya kazi huku unasoma haiwezekani, kwa hiyo panga akiba ya miaka mitatu kwanza.

Programu za mtandaoni zinahitaji umakini wa aina nyingine. Masomo ni ya mtandaoni, lakini kliniki ni ya mahali, na lazima uwe na leseni ya RN inayotambulika katika jimbo unakofanyia saa hizo. Leseni moja ya RN inayotumika katika majimbo mengi haikupi mamlaka ya NP katika majimbo hayo. Chuo kinapaswa kutangaza kama programu yake inatimiza masharti ya leseni ya jimbo lako. Itafute orodha hiyo kwenye tovuti yao, na usipoona jimbo lako usilipe hata ada ya maombi. Hakikisha pia programu yenyewe ina ithibati ya CCNE, ACEN au CNEA, mashirika yanayokagua programu za uuguzi, kwa maana chuo kinaweza kuwa na ithibati ilhali programu yake mpya ya DNP bado haina.

Swali linalofuata ni la prisepta, yaani mtaalamu anayekusimamia kliniki. Nani anamtafuta? Vyuo vingine humtafutia mwanafunzi. Vingine humwachia apige simu kliniki baada ya kliniki, na asiyepata husimamishwa muhula mzima au hulipa wakala mfukoni mwake. Uliza ni wanafunzi wangapi wa mwaka jana walichelewa kwa kukosa prisepta. Chuo kinachokwepa swali hilo kimeshakujibu.

Mradi wa DNP ndio unaochelewesha wengi kuliko somo lolote. Ni kazi ya kuboresha huduma mahali halisi, tofauti na utafiti wa PhD unaozalisha maarifa mapya. Mapitio ya machapisho peke yake hayahesabiki kuwa mradi. Makosa ninayoyaona ni yale yale: mada pana kupita kiasi, na data isiyofikika. “Kupunguza kisukari katika jamii” haitaisha. Chukua badala yake kliniki moja: mgonjwa akipimwa presha ikawa 140/90 au zaidi, je, hupimwa tena kabla ya kuondoka? Toa takwimu za wiki 8 kutoka kwenye rekodi za kielektroniki, badilisha utaratibu wa kituo, pima wiki 8 nyingine, chora grafu ya mwenendo. Hiyo inamalizika. Kabla ya kuanza unahitaji barua ya kituo, ruhusa ya kutoa data, na uamuzi wa kamati ya maadili kwamba kazi yako ni uboreshaji na si utafiti. Anza kuviomba muhula mmoja mapema, na uwe na watu wawili wanaokuunga mkono pale kituoni, maana meneja mmoja akihama mradi huondoka naye.

Kwa waliosomea nyumbani: mwenye diploma ya KRCHN (muuguzi aliyesajiliwa wa afya ya jamii) kutoka Kenya anaweza kuwa RN Marekani, lakini hana shahada ya kwanza, kwa hiyo njia yake hupitia programu ya RN hadi BSN kwanza. Mwenye BScN ya Kenya au Tanzania atahitaji tathmini ya vyeti, mara nyingi kupitia CGFNS, shirika la Marekani linalokagua vyeti vya wauguzi wa nje, ambalo sasa linaitwa TruMerit. Nyaraka hutoka moja kwa moja kwa chuo chako na kwa baraza la uuguzi la nchi yako, huruhusiwi kuzipeleka mwenyewe; mtafute mtu wa kuzifuatilia ofisini. Anayekusudia kurudi kufundisha chuo kikuu aulize chuo hicho kwanza kama kinaitambua DNP, kwa sababu PhD ndiyo iliyozoeleka kwa wahadhiri.

Kuhusu pesa, sheria iliyosainiwa Julai 2025 inaondoa mkopo wa serikali kuu wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu wamewekewa kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Shahada zinazoitwa za kitaaluma zinapata hadi 50,000 kwa mwaka, lakini katika pendekezo la wizara ya elimu la Novemba 2025 uuguzi haukuwemo kwenye kundi hilo. Piga hesabu ya karo yote kwa kikomo cha chini. Mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kodi. Soma mkataba ujue utadaiwa miaka mingapi ya kubaki. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuomba mikopo ya serikali kuu. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 haruhusiwi, na programu ya mtandaoni mtupu haiwezi kumpa viza hiyo: darasa moja tu la mtandaoni, krediti 3, ndilo linalohesabiwa katika mzigo wake wa muhula.