Mbio za jiokashi: yanayoaminiwa na yanayotokea uwanjani

Mtu akisikia kuna mbio za jiokashi, hudhani kazi ya mwandaaji ni kuficha makasha mahali pagumu kisha kupuliza kipenga. Kumbe kuficha ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Mbio hizi hunoga au huharibika mapema, mwandaaji akiwa bado na ramani mezani.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mmoja huficha kasha na kutangaza majiranukta yake, yaani namba za latitudo na longitudo za mahali lilipo. Wengine hulitafuta kwa GPS, hutia sahihi kwenye kidaftari kilichomo na kulirudisha palepale. Ulianzia Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer alipoacha ndoo yenye vikorokoro porini karibu na Beavercreek. Mwanzoni mwa mwezi huohuo serikali ya Marekani ilikuwa imeondoa hitilafu iliyokuwa ikiitia makusudi kwenye mawimbi ya GPS ya raia, hitilafu iliyoweza kumpoteza mtu kwa mita 100 hivi. Ulmer alitaka kuona usahihi mpya unafaa nini. Mchezo wake haukuwa na saa wala mshindi. Ukiongeza saa, karibu kila kanuni inabidi ifikiriwe upya.

Dhana: Mwenye mbio ndiye atakayeshinda.

Ni kweli, kama umewapangia watu makasha kwa mfuatano mmoja: la kwanza, la pili, la tatu. Hapo umeandaa riadha yenye vituo, basi. Muundo ninaoupenda ni wa pointi. Timu hupewa majiranukta yote kwa pamoja, kila kasha lina alama zake, muda ni mmoja, na kila timu hujichagulia njia. Waaustralia wanacheza hivyo tangu 1976 katika mchezo waliouita rogaine: timu za watu wawili hadi watano, dira na ramani, hadi saa 24 porini, na wengi wao hutembea tu.

Makasha 10 peke yake yanaweza kuzungukiwa kwa mifuatano 3,628,800. Hakuna anayeipiga yote hesabu. Anayeshinda ni yule anayejua kuliacha kasha la alama nyingi lililo ng'ambo ya korongo ili achukue matatu ya karibu. Ndiyo maana weka makasha mengi kuliko yanayoweza kumalizwa. Timu bora ikiyamaliza yote na muda ukabaki, umerudi kwenye riadha. Na adhabu ya kuchelewa, alama kadhaa kwa kila dakika, itajwe kabla ya kuanza, la sivyo utaimaliza siku kwa mabishano.

Dhana: GPS itakufikisha juu ya kasha lenyewe.

Simu ya kawaida mahali peupe hukosea kwa mita 5 hivi. Katikati ya maghorofa, kama Posta ya Dar es Salaam au Upper Hill ya Nairobi, mawimbi hugonga kuta kabla ya kukufikia na kosa huongezeka. Tena kosa ni la pande mbili, lako ulipopima na la mtafutaji anapokuja. Pima mahali hapo zaidi ya mara moja, kwa saa tofauti, uchukue wastani.

Halafu toa dokezo la wazi: "nyuma ya nguzo ya geti." Mtafutaji wa Jumapili hufurahia kupindua mawe nusu saa nzima. Mshindani aliyefika wa kwanza, kisha akapitwa kwa sababu mwenzake aliinua jiwe sahihi kwa bahati, atalalamika, na ana haki.

Kosa kubwa zaidi hutoka kwenye uandishi. Wachezaji wa jiokashi huandika digrii na dakika zenye desimali, mfano S 6° 48.000' kwa katikati ya Dar es Salaam. Namba hiyo kwa digrii za desimali ni 6.8 kusini, kwa kuwa digrii moja ina dakika 60. Anayeiingiza kwenye simu kama 6.48 amejisogeza kilomita 35 hivi kaskazini, na kasha lake liko baharini. Chagua mtindo mmoja wa kuandika, uchapishe mfano, na kila timu iuingize mfano huo mbele yako kabla ya kuanza. Na kama umechukua nukta zako kutoka ramani za zamani za upimaji za Kenya au Tanzania, kumbuka zilichorwa kwa mfumo wa majiranukta uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia mwingine, WGS 84. Tofauti yake hapa kwetu hukaribia mita 300, na kwa umbali huo hakuna dokezo litakalomwokoa mtu.

Dhana: Pasipo intaneti hapachezwi.

GPS hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja. Intaneti inahitajika kwa ramani, nayo hupakuliwa nyumbani mapema. Pasipo mtandao simu huchelewa tu kidogo kujua iko wapi mara ya kwanza, kwa hiyo washiriki waziwashe uwanjani mapema, penye anga wazi.

Dhana: Kipenga kimoja kwa wote ndiyo haki.

Wakiondoka pamoja kuelekea kasha moja, wa kwanza hutafuta na waliobaki humtazama anakoinama. Kisha timu zote zinapanga foleni kwa kidaftari kimoja na kalamu moja. Katika pointi tatizo hupungua kwa sababu watu hutawanyika. Ukitaka mfuatano, gawa njia katika vitanzi, kila timu ianze na kitanzi chake, mwishoni wote wawe wamepita njia ileile. Kidaftari kiache nyumbani. Andika neno la siri ndani ya kifuniko, mtu alinakili aende zake.

Dhana: Makasha yako tele mjini, tuyatumie hayohayo.

Yana wenyewe. Timu 20 zikikimbilia kichaka kimoja asubuhi moja, hukiachi kama ulivyokikuta. Weka ya muda, yenye namba, uyakusanye jioni. Kanuni ya umbali wa mita 161 kati ya kasha na kasha inahusu yale yaliyosajiliwa kwenye tovuti kuu ya mchezo. Kwako wewe umbali unaamuliwa na njia unazotaka watu wazifikirie.

Dhana: Ni mchezo tu, ruhusa ya nini?

Mwaka 2011 huko Wetherby, Uingereza, kikosi cha mabomu kililipua kasha la jiokashi mtu alipotilia shaka kitu kilichofichwa mtaani. Katika miji ambayo begi lako hukaguliwa mlangoni mwa supamaketi, mtu anayeinama nyuma ya benki kusukuma kopo chini ya uzio hatapewa nafasi ya kueleza kanuni. Tumia vyombo vinavyoonyesha kilichomo ndani, viandikwe jina la tukio na namba yako ya simu. Kaa mbali na benki, vituo vya polisi, shule na ofisi za serikali. Mwenye ardhi aombwe, serikali ya mtaa au chifu aarifiwe, na kituo cha polisi kilicho karibu kipewe orodha ya makasha yote pamoja na saa yatakapoondolewa.