Hivi elektroni inajuaje kama unaiangalia?

Mbalamwezi ikiwa kali hapa Mwanza wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa zao zinakuwa hazivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi inalala mchangani na mwalo unatulia. Usiku mmoja wa namna hiyo nilikuwa nimekaa na mdogo wangu, yuko kidato cha tano anasoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), akaniuliza, "Kaka, hivi elektroni inajuaje kama naiangalia?" Nikamjibu kile nilichokuwa nakiamini miaka yote, kwamba mtu akiangalia ndo elektroni, ile chembe ndogo iliyomo ndani ya atomu, inabadilika, yaani akili ya binadamu ina nguvu yake pale. Nilipokaa nikasoma vizuri nikakuta si kweli, nikampigia simu kumrekebishia, na naandika hapa kwa sababu jibu lile linazunguka mno, watu wanalitumia hadi kwenye semina za mafanikio.

Historia niipitie haraka. 1900 Max Planck aligundua hesabu za mwanga wa vitu vya moto zinakubali tu ukichukulia nishati inatoka kwa vipande vipande, na 1924 Louis de Broglie akasema kama mwanga una tabia ya wimbi na ya punje basi hata elektroni ina wimbi lake. Kisa chenyewe kinaanzia hapo.

Nenda Capri Point, hapa hapa Mwanza ufukweni, asubuhi upepo ukiwa mdogo, tafuta sehemu mawe yameacha mianya miwili iliyo jirani. Wimbi likija linapita kote kuwili, na nyuma ya mawe yanatoka mawimbi mawili yanayotanuka mpaka yakutane. Mgongo ukikutana na mgongo maji yanapanda zaidi, mgongo ukikutana na bonde yanafutana, na kama kuna jani la gugu maji hapo linakaa tu kama limewekwa mezani.

Sasa 1989 Akira Tonomura na wenzake kule Japani walirusha elektroni mojamoja kwenye kifaa chenye njia mbili. Kila elektroni ilipiga doti moja tu kwenye skrini, sehemu moja. Mwanzoni doti zimetapakaa kama dagaa waliomwagwa kwenye turubai, huoni mpangilio wowote, ila zilipofika maelfu ikatokea mistari, huku doti nyingi na huku karibu hakuna, kama vile mawimbi mawili yamekutana na kufutana. Na elektroni zilikuwa zinapita moja moja! Kilichopita njia zote mbili ni wimbi la uwezekano, wimbi linalosema wapi doti inaweza kutua. Hapa mfano wa ziwa unaishia, maana kwenye ziwa kuna maji yanayopanda na kushuka, kwenye elektroni hakuna maji.

Ukiweka kitu cha kutambua imepita njia ipi, mistari inapotea. Hapo ndo wengi tunasema "kwa sababu umeangalia". Lakini cheki walichofanya watafiti wa Vienna 2004. Walichukua molekuli za kaboni, kila moja ina atomu 70, wakazipitisha kwenye nyavu za mianya myembamba sana na mistari ikatokea. Halafu wakazipasha moto kwa leza kabla hazijaingia. Kitu cha moto kinatoa mwanga, na mwanga ule ukiondoka unabeba habari ya molekuli ilipokuwa. Kadiri joto lilivyopanda mistari ikafifia kidogo kidogo, na joto lilipokaribia Kelvin 3,000 ikawa imepotea. Hakuna mtu aliyeukamata mwanga ule ausome, uliishia tu kwenye kuta za mashine.

Kinachofuta mistari ni alama. Chukua njia mbili za kutoka mwaloni kwenda barabarani, moja ina tope na nyingine kavu. Mtu akipita usiku hakuna aliyemwona, ila tope limeshaandika. Kwa elektroni, kabla ya alama kuna wimbi la kushoto na wimbi la kulia kwenye ziwa moja, kwa hiyo yanaweza kufutana. Alama ikibaki, moja linakuwa "kushoto, na tope lina nyayo" na lingine "kulia, na tope safi". Ni hali mbili tofauti kabisa, ni sawa na wimbi moja liwe Nyegezi na lingine Igombe, hata ufanyeje hayafutani. Alama hafifu inafifisha kidogo, alama kamili inafuta kabisa, jicho liwepo lisiwepo.

Kuna na jibu la pili ambalo ni nusu sahihi, kwamba mwanga unaipiga elektroni teke ndo inapoteza mwelekeo. Teke lipo mara nyingi, ila 1998 kule Ujerumani walipitisha atomu badala ya elektroni, wakatumia mikrowevu kuandika njia ndani ya atomu yenyewe, kwa teke dogo mno lisiloweza kuharibu chochote, na mistari ikapotea vilevile.

Ndo maana mtumbwi huwezi kuukuta umepita pande mbili za jiwe. Hewa inaugonga kila sekunde, maji, hata mbalamwezi yenyewe, na kila kinachougonga kinaondoka na habari ya ulipo.

Mdogo wangu akaniuliza tena kwenye simu, sawa, alama inafuta mistari, ila doti moja kwa nini imetua pale na si pembeni? Hesabu zinatoa uwezekano tu. Kuna wanafizikia wanaosema matokeo yote yanatokea, kila moja kwenye ulimwengu wake, kuna wanaosema wimbi linaporomoka kweli, na kuna wanaosema punje ilikuwa na njia yake tangu mwanzo ikiongozwa na wimbi. Kwenye jaribio hili la njia mbili wote watatu wanatabiri mistari ileile, kwa hiyo doti za Tonomura haziwezi kuwaamulia.