Kijani cha begani hakikatwi, kinasafishwa

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Mteja kasimama nyuma ya kiti changu, kanyooshea kidole bega la mtangazaji wake kwenye skrini, aliyerekodiwa mbele ya kitambaa cha kijani, kile tunachokiondoa baadaye ili tuweke mandhari nyingine: "Kaka, si ukaze tu kidogo hapo, hicho kijani kiishe?" Nikaikaza maski, ile ramani inayoamua nini kibaki na nini kikatwe, ili aone mwenyewe. Nywele zikaanza kuondoka, sikio likafuata, na utepe wa kijani begani ukabaki palepale.

Mwaka wa ngapi huu naeleza jambo hili hili, kwa wateja na hata kwa wahariri wenzangu wenye kamera nzuri kuliko yangu? Kukata na kusafisha ni kazi mbili. Maski inajibu swali moja tu: pikseli hii, yaani nukta hii ya picha, ni ya mtu au ya kitambaa? Bega ni la mtu, kwa hiyo programu ilipoliacha ilifanya kazi yake. Bega limekuwa kijani kwa sababu kitambaa kikishapigwa taa nacho kinakuwa taa, tena kubwa kuliko zote mlizokodi. Mwanga wake unamrukia mtu mabegani, chini ya taya, kwenye kipara, kwenye miwani, kwenye kanzu nyeupe. Ulipofika kwenye lenzi ulikuwa umeshakuwa rangi ya bega. Ukitaka kuutoa kwa maski, toa na bega.

Nywele ndizo zinazonitia uchungu zaidi. Afro iliyochambuliwa vizuri, ukingo wake wote ni pikseli za nusu kwa nusu. Rangi ya kila pikseli ni namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Chukua unywele wenye nyekundu 30, kijani 25, bluu 20, na kitambaa chenye 40, 180, 60. Pikseli iliyogawana vitu hivyo viwili sawasawa ni 35, 102, 40. Maski nzuri itaipa uwazi wa nusu, na iko sahihi kabisa, ila rangi yake bado ni ya kijani. Anayebana maski hadi kijani kiishe amefuta ukingo wote, na dada wa watu anabaki kama amevaa helmeti. Halafu anamlaumu mpiga picha!

Dawa yake ni kugusa rangi na kuiacha maski ilivyo. Programu za kuhariri video kama DaVinci Resolve na After Effects zote zina sehemu ya kusafishia kijani, na msingi wake ni hesabu fupi: kijani kisizidi kiwango fulani kinachotokana na nyekundu na bluu ya pikseli hiyohiyo. Hapo ndipo wengi wanabonyeza bila kuangalia. Kiwango kipi?

Ukisema kijani kisizidi kile kikubwa kati ya nyekundu na bluu, ile pikseli ya ukingo wa nywele inakuwa 35, 40, 40. Safi. Kanzu ya 200, 225, 200 inarudi kuwa 200 zote. Safi pia. Sasa lete ngozi yetu. Tuseme shavu la kahawia la mama mmoja ni 120, 80, 60, na kitambaa kimeliongezea kijani 30, likawa 120, 110, 60. Kikubwa ni nyekundu, 120. Kijani cha 110 hakijaizidi, kwa hiyo hesabu haigusi chochote, na mtu anatoka na shavu la mgonjwa. Badili, tumia wastani wa nyekundu na bluu: 90. Shavu linakuwa 120, 90, 60, linapendeza. Lakini mama huyohuyo amefunga kilemba cha njano, 220, 200, 40. Wastani ni 130. Kilemba kimegeuka rangi ya chungwa mbele ya macho yake, na hakina hata tone la kijani cha kitambaa. Kwa hiyo mimi husafisha mara mbili: wastani kwa ngozi, kikubwa kwa nguo, kila kimoja na maski yake. Inachosha. Sijapata njia ya mkato ninayoiamini.

Angalia pia kwamba shavu lile lilikuwa 80, na sisi tumelirudisha 90. Hesabu haiijui 80. Haikuwepo kabla kitambaa hakijatandikwa. Isitoshe, kwenye video ya HD kijani hubeba takribani asilimia 72 ya mwangaza, hivyo kila ukikipunguza picha inafifia na ngozi nyeusi inapauka kama haijapakwa mafuta. Programu zinakupa nafasi ya kurudisha mwangaza uliopotea. Kiasi gani cha mwangaza ule kilikuwa cha mtu na kiasi gani cha kitambaa? Hapo natumia jicho, na jicho langu la saa nne usiku silo la asubuhi.

Na video ya simu usiniletee ukitarajia miujiza. Nyingi hurekodiwa kwa 4:2:0, mtindo wa kubana rangi: picha ya HD ni pikseli 1920 kwa 1080, lakini rangi imehifadhiwa kwa 960 kwa 540 tu. Pikseli nne zinagawana rangi moja, na ukingoni mojawapo huwa ya kitambaa.

Mengi ya haya yanazuilika kabla ya kurekodi. Msogeze mtu mbele mita 2 na nusu, 3 kama chumba kinaruhusu. Punguza taa za kitambaa: kinatakiwa kiwe sawasawa, hakitakiwi king'ae. Sehemu ya kitambaa isiyoonekana kwenye fremu, pamoja na ile ya sakafuni, ifunike kwa kitambaa cheusi, maana kazi yake pekee pale ni kummwagia mtu kijani. Kisha simamisha karatasi nyeupe pale atakaposimama yeye, uigeuze kidogo iwe mshazari kuelekea kitambaa, uitazame kupitia kamera. Ikiwa karatasi imekuwa kijani, msogeze tena.