Posho kwa wakati wake: pesa ya korosho na uwakili wa Mkristo

Nimekuwa mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika hapa wilayani Masasi kwa misimu kumi na moja, na kwa miaka sita sasa ni mtunza hazina wa parishi yetu. Kwa hiyo watu walewale wanaonifuata ghalani Novemba wakiuliza "Mhasibu, pesa imeingia?" ndio ninaowaona Jumapili wakipita mbele na bahasha. Halafu nawaona tena Machi, mihogo ikiwa ndiyo chakula cha asubuhi na cha jioni, wanapobisha hodi kuniuliza kama namjua mtu wa kuwakopesha elfu hamsini. Naandika kwa sababu ya hao wa Machi.

Kwa msomaji asiyeijua Kusini, nieleze kidogo. Korosho tunaziokota kuanzia Septemba au Oktoba, minada inafunguliwa Oktoba, na Januari ikiisha ghala limebaki na vumbi. Mkulima analeta mzigo wake kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, anapewa karatasi yake, mzigo unakwenda ghala kuu na kupigwa mnada. Mnunuzi akishalipa, yanaondolewa makato, kinachobaki kinaingia kwenye akaunti ya mkulima. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/2008, na pamoja na manung'uniko yote nimeyasikia dirishani kwangu, bado naona umemsaidia mkulima kupata bei ya mnada badala ya bei ya mlangoni. Ila una jambo moja ambalo watu hawalizungumzi kanisani: mapato ya mwaka mzima yanaingia mara mbili au tatu, ndani ya wiki chache. Mwalimu wa shule ya msingi analipwa mara 12 kwa mwaka. Akikosea Novemba, Desemba inamsubiri. Mkulima wa korosho akikosea Novemba, anasubiri Novemba nyingine. Ufuta na mbaazi vinaziba pengo kidogo kwa wanaovilima, lakini nyumba nyingi ninazozijua zinakula korosho.

Sasa neno uwakili. Leo ukisema wakili, mtu anafikiria mahakama. Kwenye Biblia yetu ya Kiswahili wakili ni mtu aliyekabidhiwa nyumba na mali ya mwenzake, aisimamie, na siku moja atoe hesabu. Katika Luka 16 yule tajiri anamwambia msimamizi wake, "Toa hesabu ya uwakili wako." Hamuulizi umetoa sadaka kiasi gani. Anataka hesabu ya mali yote. Na sura nne kabla ya hapo, Luka 12:42, Bwana anaeleza kazi yenyewe ya wakili mwaminifu, mwenye busara: amewekwa "awape watu posho kwa wakati wake."

Nimeusoma mstari huo mara nyingi bila kuuona. Siku nilipouona, niliuona kama mhasibu. Posho si ya siku ambayo bwana yupo na ghala limejaa. Kila siku ina posho yake. Mwenye nyumba aliyewalisha watoto pilau Desemba na kuwalaza na uji usio na sukari Machi, tena kwa pesa ileile ambayo ingetosha miezi yote, hajawanyima posho. Ameitoa kwa wakati usio wake.

Kwenye darasa letu la uwakili naanza na hesabu kabla ya mahubiri. Tuchukue mfano wa kutunga, namba zikiwa nyepesi. Mama ana kilo 900, na baada ya makato yote anabakiwa na shilingi 2,000 kwa kilo. Hiyo ni 1,800,000. Ukimwambia amepata milioni moja na laki nane, macho yanang'aa, na ndugu wanaongezeka. Lakini kabla hajaigusa, shamba lina haki yake. Palizi inakuja, na upuliziaji wa salfa maua yanapotoka, la sivyo ugonjwa wa ubwiriunga unayamaliza. Hata pale salfa inapoletwa kwa ruzuku, yupo kibarua wa kupuliza, yapo mafuta ya mashine, wapo waokotaji. Tuseme sehemu ya tano, yaani 360,000. Zimebaki 1,440,000. Zaka yake 144,000. Zimebaki 1,296,000. Gawa kwa miezi 12: ni 108,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 30: ni 3,600 kwa siku.

Hapo darasa hunyamaza. Namba hiyo, 3,600, ndiyo kipato cha kweli cha nyumba ile, na Mungu amewakabidhi hiyo kila siku, ikiwamo siku ya mvua ya Machi. Sofa ya laki saba si tatizo kwa sababu ni sofa. Ni kwamba imekula siku 194 za posho ya watu wa nyumbani. Nimeona baba mmoja akichukua daftari na kurudia hesabu hiyo mara tatu akidhani nimekosea.

Swali linalofuata halikosi kamwe: zaka inatolewa kwenye pesa ghafi au baada ya gharama za shamba? Wapo wachungaji watakaotofautiana nami, na nawaheshimu. Mimi naamini gharama za shamba za msimu ujao si mapato. Ni mbegu, na anayekula mbegu hana zaka ya mwaka unaofuata. Lakini jambo linaloniumiza zaidi haliko hapo. Linaniumiza lile la mtu kutoa Novemba kile ambacho kitamfanya akope Machi. Katika Marko 7 Bwana Yesu anawakemea waliowaruhusu watu kusema mali hii ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa njia hiyo wakaacha kuwasaidia baba na mama zao. Aliwaambia kwamba wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Nasi viongozi wa makanisa ya Kusini tujitazame hapo. Tunapanga Sikukuu ya Mavuno wakati pesa imeingia, tunanadi mbuzi, kuku na mikungu ya ndizi kwa shangwe, tunawasimamisha watu watoe ahadi mbele ya majirani, halafu Machi hatumuulizi mama aliyenunua kuku kwa elfu themanini amekula nini. Mimi nimesimama pale na daftari la ahadi. Nimeandika majina ambayo nilijua kabisa, kwa kuwa ninaziona hesabu zao wiki nzima, kwamba hawakuwa na uwezo. Nilinyamaza, na nilikosea.

Paulo aliwaelekeza Wakorintho njia nyingine: "Siku ya kwanza ya juma kila mtu kwenu na aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake." Kidogo kidogo, kila juma, bila mnada wa sifa. Parishi yetu sasa inamruhusu mtu kugawa ahadi yake ya mavuno kwa miezi 12. Makusanyo ya Novemba yalishuka, na baraza lilinibana kweli. Mimi bado naamini tulifanya haki.

Niingie kwenye kangomba, maana bila hiyo sijasema kitu. Mnunuzi anapita kijijini Februari au Machi, wakati wa njaa. Anatoa laki moja taslimu. Msimu ukifika, unamlipa kwa korosho, tuseme kilo 100. Korosho hizo mnadani, kwa bei ya mfano wetu, zingekupa laki mbili. Kwa miezi minane umelipa laki moja juu ya laki moja. Sijaona benki wala kikundi cha kuweka na kukopa kikitoza hivyo, na serikali imepiga marufuku biashara hii mara nyingi, lakini inaendelea usiku kwa sababu tumbo la mtoto halisubiri mnada. Na ubaya wake unajizaa. Kilo 100 zikiondoka, mwaka ujao unaanza na 800, Machi inafika mapema zaidi, unauza 150. Nimewaona watu wakifika mahali ambapo karatasi za ghala zinatoka kwa majina yao lakini pesa yote ina mwenyewe kabla haijaingia. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, na hapa kwetu hiyo si lugha ya picha.

Wengine wameweka mikorosho yenyewe rehani, miti ya babu, kwa misimu mitatu au minne. Torati katika Kumbukumbu 24 ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu. Jiwe la kusagia la Masasi ni mkorosho. Na niseme wazi, kwa upendo: baadhi ya wanunuzi wa kangomba wanakaa viti vya mbele kanisani. Ndugu yangu, ukimkopesha jirani mwenye njaa kwa nusu ya bei, kisha ukaleta zaka ya faida hiyo, mimi mtunza hazina nitaipokea kwa kuwa sina mamlaka ya kuikataa. Lakini kasome Kutoka 22:25 kabla hujafunga bahasha.

Ipo sababu nyingine ya kutotumia msimu kabla haujafika, na hiyo niliilipia mwenyewe. Mwaka 2017 minada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na sote tukaamini hiyo ndiyo bei ya korosho. Septemba 2018 mimi na mke wangu tulichukua mabati ya nyumba nzima kwa mkopo dukani, tukihesabu kwa bei ile. Oktoba bei za mnada zikaanguka, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba serikali ikaamua kununua yote kwa shilingi 3,300 huku jeshi likisomba mizigo. Bei haikuwa mbaya. Ila malipo yalisubiri uhakiki, na sisi tulisubiri miezi huku mwenye duka akipiga simu kila Jumatatu. Mimi mhasibu, ninayefundisha wengine! Mke wangu aliuza mashine yake ya kushona. Alikuwa amenionya kwa maneno ya Luka 14, mtu aketi kwanza na kuhesabu gharama kama anavyo vya kumalizia, nami nikamjibu kwamba korosho ziko juu ya miti, nimeziona kwa macho.

Yusufu kule Misri hakuhesabu mavuno ya mwaka ujao. Katika Mwanzo 41 alimshauri Farao atenge sehemu ya tano ya kile kilichokwisha kuvunwa, tena katika miaka ya shibe, wakati hakuna aliyekuwa na njaa ya kumkumbusha. Ndiyo maana ninaposema sehemu ya tano kwa ajili ya shamba siitoi hewani.

Kuhusu ngoma sitakaa sana. Unyago na jando vinakula pesa nyingi huku kwetu, na wapo wanaotaka kanisa livipige marufuku. Mimi siafiki. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi ilipoanzishwa 1926, hakuitupa jando. Aliifanyia njia ya Kikristo, na wazee wetu walipita humo. Kumcheza mwali ni kumpa mtoto heshima. Panga bajeti, shirikianeni familia tatu kwa siku moja, na usikope kwa ajili ya sare za wapishi.

Jambo lililotusaidia kuliko mahubiri yangu yote lilitoka kwa mama mmoja mjane, mwenye mikorosho isiyofika sitini. Alinijia baada ya ibada. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hivi kwa nini kikoba chetu tunakivunja Desemba?" Nikakosa jibu. Vikundi vyetu vya VICOBA, vya kuweka na kukopa, tulivipokea na desturi ya kugawana mwisho wa mwaka, watu wapate ya Krismasi. Kwa mji wa watu wa mishahara inafaa. Kwetu ilikuwa na maana ya kumwagia pesa juu ya pesa: korosho imeingia, na sanduku nalo linafunguliwa wiki hiyohiyo. Mama akasema, "Tuvunje wakati wa njaa, ndipo tunapoitaka." Tulibishana mikutano miwili. Hofu kubwa ilikuwa sanduku kukaa limejaa Desemba na Januari, hivyo tukakubaliana kiasi kikubwa kipelekwe benki na wenye funguo tatu watoke vitongoji vitatu.

Tangu hapo tunanunua hisa kwa nguvu Novemba na Desemba, wakati kila mtu ana kitu, na tunagawana Jumamosi ya mwisho ya Februari. Hatukopeshi mtu Novemba isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Mwanachama anayetaka anaweza kuchukua mgao wake kwa gunia la mahindi, tunayonunua kwa pamoja Novemba kabla bei haijapanda. Mwaka wa kwanza tulikuwa wanachama 22. Machi ile sikubishiwa hodi na hata mmoja wao, na mnunuzi wa kangomba alipita mtaani kwetu akaondoka na korosho za nyumba mbili, ambazo hazikuwa kwenye kikundi. Nyumba zote mbili sasa zimo.

Darasa la msimu huu litakuwa Jumamosi nne za Oktoba, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa parishi, na majirani zetu Waislamu wanakaribishwa kama miaka yote. Njoo na karatasi zako za ghala za mwaka jana na daftari tupu. Aliye na mke au mume aje naye. Simfundishi mmoja peke yake tena, kwa sababu hesabu ya 3,600 ikijulikana na mtu mmoja nyumbani inageuka ugomvi.