Je, wajua kwa nini dereva asiye na kosa bado huenda msibani?

Tuseme Fuso limetoka Kibaigwa na magunia ya alizeti, linapita kijijini kwa spidi 45, mahali panaporuhusiwa 50. Mtoto anayeswaga mbuzi anachomoka nyuma ya uzio wa miiba. Dereva anakanyaga breki hadi tairi zinachora michirizi miwili myeusi kwenye lami, lakini hawahi. Trafiki wanapima michirizi, wanakagua gari, wanamwachia. Siku ya tatu anafika chini ya turubai la msiba, kofia mkononi, amefuatana na wazee wawili. Amefuata nini?

Wengi tunadhani “kuua bila kukusudia” maana yake ni ajali. Sivyo. Kwa kifungu cha 195 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, hilo ni kosa la mtu aliyesababisha kifo kwa kitendo kisicho halali au kwa uzembe wa kutotimiza wajibu wake, na adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Angekuwa amelewa, au aliondoka akijua breki ni mbovu, kusema “sikukusudia” kusingemwokoa. Sheria inapima alivyoendesha. Fidia ni suala la madai, lenye kipimo chepesi zaidi cha ushahidi.

Dhamiri haipimi michirizi. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams aliandika mwaka 1976 kuhusu dereva wa lori wa namna hii hii: hana kosa, lakini uchungu wake si sawa na wa mpita njia. Tunamwambia “si kosa lako”, na ni kweli. Lakini angekubali upesi mno akaendelea na safari, tungemwogopa.

Linaloniuma ni tunavyochanganya mambo haya mawili. Dereva anakwepa msiba akihofia ubani wake utasomwa kama kukiri kosa. Wengine, wazembe kweli, wanadhani ubani umemaliza kesi, wakati jinai ni ya Jamhuri na wafiwa hawawezi kuifuta wenyewe. “Poleni, mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani” si kukiri uzembe. Ni kusema lililotokea.

Na mama wa mtoto anaweza asiulize lolote kuhusu spidi. Anaweza kutaka kujua kama mwanawe alilia, na katika watu wote waliokaa chini ya turubai lile, ni dereva huyo mmoja tu aliyekuwapo.