Banda la uani bado lina masharti

Kila msimu wa kodi swali ni lilelile, ofisi ya uani inakatwaje kwenye kodi, na kila anayeniuliza ameshaambiwa na mtu wa pembeni: "Ofisi ikiwa kwenye jengo lake uani, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) hawana neno, kata gharama zote kwenye kodi." Ndugu zangu mliojiajiri hapa Marekani, si kweli, na ushauri huo unawaumiza watu.

La haraka kwanza. Ukiwa mwajiriwa wa W-2 (fomu ya mshahara toka kwa mwajiri), makato haya kwenye kodi ya shirikisho hayakuhusu tangu 2018, hata ujenge ghorofa uani. Naongea na wanaojaza Schedule C, fomu ya kipato cha waliojiajiri.

Kifungu cha 280A cha sheria ya kodi kinakataza kukata gharama za makazi, kisha kinafungua milango michache. Mmojawapo ni wa jengo lisiloshikana na nyumba, nao umelegeza sharti moja tu: si lazima jengo hilo liwe kituo kikuu cha biashara yako. Fundi cherehani mwenye duka mjini, anayekatia vitambaa kwenye banda nyuma ya nyumba, anaweza kukata gharama za banda. Angekatia chumbani, huku kazi kubwa na wateja viko dukani, angekwama. Nafuu inaishia hapo. Banda lazima litumike kwa biashara mara kwa mara, na kwa biashara pekee.

Hilo "pekee" ndilo watu hawataki kulisikia. Natumiwa picha ya banda: meza ya kukatia, cherehani mbili, majora ya vitenge mpaka darini. Vizuri kabisa. Pembeni lipo friza la nyama ya familia na baiskeli za watoto. Basi usidai banda zima! Pima futi za mraba za eneo la kazi, udai hizo. Sheria haikulazimishi kujenga ukuta. Kinachoharibu ni eneo lilelile kufanya kazi mbili: mchana meza ya kukatia, jioni watoto wanafanyia homework.

Mtu anauliza, kama jengo limejitenga, ya nyumbani yanaliingiliaje? Kwa sababu 280A yenyewe inahesabu majengo yanayoambatana na nyumba kuwa sehemu ya makazi. Siku ya kuuza mambo yanageuka: kanuni za kifungu cha 121, kinachosamehe kodi kwenye faida ya kuuza nyumba unayoishi, zinayatoa majengo hayohayo nje ya nyumba. Ofisi ya chumbani haikulazimishi kugawa faida ya mauzo, unalipia kodi uchakavu tu, yaani kushuka thamani ulikokata kila mwaka. Ofisi ya banda, kama hukulitumia kama makazi walau miaka 2 kati ya 5 ya mwisho, faida yake inatengwa, haiingii kwenye msamaha wa dola 250,000, au 500,000 kwa wanandoa wanaofaili pamoja. Uchakavu uliokata nao unatozwa hadi asilimia 25. Wanaowashauri watu kujenga banda hawalisemi hili, na linaniudhi mno.

Njia ya IRS ya hesabu rahisi ya makato, dola 5 kwa futi ya mraba, mwisho futi 300, inafaa kwa banda pia. Haina uchakavu. Ila makato yaliyozidi kipato hayahamii mwaka unaofuata, tofauti na Fomu 8829, ya gharama halisi.

Yapo yanayonitia shaka. "Mara kwa mara" ni siku ngapi? Sheria haisemi. Je, kupita tu kunavunja "pekee"? Mwaka 2014 Mahakama ya Kodi ilimvumilia mpangaji wa New York aliyepita eneo la ofisi kwenda sehemu ya kulala, lakini uamuzi wa kesi ndogo kama ile hauwezi kutumiwa kama kielelezo kwenye kesi nyingine. Na gereji iliyounganishwa na nyumba kwa paa la ujia tu, imeshikana au haijashikana? Wenzangu wengine wanaidai kama jengo la peke yake. Mimi naifaili kama chumba cha ndani, na mteja asiyetimiza masharti ya chumba namwambia aiache.