Idi pili, bamvua na safari ya fungu

Idi el-Fitri husaliwa mwezi mosi Mfunguo Mosi (Shawwal), na mwezi mosi ni bamvua, yaani siku za maji kujaa sana na kukauka sana. Wavuvi wa Mkokotoni na Wete hawahitaji kuambiwa hilo. Lakini familia nyingi zinazokodi boti Idi pili kwenda Fungu la Pange (fungu ni mchanga unaoibuka baharini maji yakikauka), Kwale au Misali hupanga safari kwa saa ya chakula, si kwa saa ya maji. Sisi tunaoshughulika na usalama wa vyombo vidogo tungependa jambo hilo libadilike kwanza: muulizeni nahodha saa ya kurudi, kisha ndiyo mjue mtaondoka lini.

Siku za bamvua, maji ya Unguja hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka kiasi cha saa nne. Tofauti kati ya maji makavu na maji kujaa inaweza kufika mita 4, na bamvua za Machi na Aprili, jua likiwa karibu na ikweta, ni miongoni mwa kubwa za mwaka. Miaka hii Idi ndogo imekuwa ikiangukia miezi hiyo hiyo. Isitoshe, maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza husogea kidogo tu, lakini saa ya tatu na ya nne hupanda karibu nusu ya kimo chote. Kwa bamvua la mita 4, hizo ni mita 2 ndani ya saa mbili.

Sasa lifikirie fungu. Watu wameteremka saa tano, mchanga mweupe umetanda, mikeka imetandikwa, sufuria la pilau lipo kati. Saa sita ukingo wa fungu umeshaanza kuliwa, ila nani anatazama? Kati ya saa sita na saa nane ndipo maji yanapokimbia. Yanapita juu ya mchanga kutoka pande mbili, watoto wanayaona mchezo, na maji yanayomfika mtu mzima magotini yanamfika mtoto wa miaka mitatu kiunoni. Wakati huo nahodha naye amekwenda mjini kuchukua kundi la pili. Hapo ndipo penye hatari, kuliko papa wanaozungumzwa sana. Chombo kisiondoke fungu likiwa na watu. Kama boti ni moja na makundi ni mawili, kundi la pili lingoje siku nyingine.

Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, hesabu hugeuka. Huko kinachowaponza watu ni maji kutoka. Ukitoka nje ya mwamba maji yakiwa yamejaa, ukachelewa mpaka yakatoa, ndani hamna njia ya chombo tena na utakaa nje mpaka yarudi.

Idi el-Haj ina mambo yake. Mwezi kumi Mfunguo Tatu (Dhul-Hijja) ni maji mafu ndiyo kwanza yanapita, kwa hiyo maji hayapandi sana wala hayakimbii. Tatizo ni upepo: miaka hii sikukuu hiyo imekuwa ikiangukia Mei na Juni, kusi, upepo wa kusini, imeshashika, na upande wa Menai na mashariki yote hupigwa. Tarehe 18 Julai 2012, katika msimu huo wa kusi, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe, nayo ilikuwa meli, si boti ndogo ya fiba ya watu kumi. Utabiri wa upepo na mawimbi hutolewa kila siku na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Usikilizeni jana yake na asubuhi ya safari, kisha msikilizeni na nahodha. Nahodha akisema leo hapana, msimwongezee pesa.

Kwa wanaotoka Pemba, milango ya magharibi (mapito ya bahari kati ya visiwa) kama ya Fundo na Njao inataka adabu. Maji yakitoa siku ya bamvua hupita pale kwa kasi, na upepo ukipiga kinyume chake mawimbi husimama, mafupi na ya karibu karibu. Saa moja baadaye pengine pametulia. Ngojeeni.

Jaketi okozi livaliwe tangu pwani, kila mtu na kipimo chake. Mvishe mtoto, funga mikanda yote, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi: likipanda mpaka masikioni, si lake. Wanawake walivae juu ya buibui, si ndani yake, maana mikanda lazima ionekane na ishikike. Chombo kikipinduka, kikumbatieni. Ufuko unaonekana karibu kuliko ulivyo, na ngalawa ya mti haizami.

Mkivua, mshipi wa kuvulia usizungushwe mkononi. Samaki kolekole mmoja tu anatosha kukata kidole. Tasi ana miiba yenye sumu, hata akiwa amekufa. Aliyechomwa atie mkono kwenye maji ya moto yanayovumilika, nusu saa au zaidi, ayajaribu kwanza kwa mkono usiochomwa asijiunguze. Bunju arudishwe baharini, sumu yake haifi kwa kupikwa. Na mwamba wa Chumbe umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, hata kwa mshipi wa mtoto.

Kabla ya kung'oa nanga, mwachieni jamaa aliyebaki pwani jina la nahodha, jina la chombo, idadi ya watu na saa ya kurudi. Kwetu giza huingia mapema mwaka mzima. Kama mlisema saa kumi na moja jioni, ikifika na nusu hamjaonekana na simu hampokei, awapigie simu KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, walinzi wa bahari ya Zanzibar) au polisi hapo hapo, asingoje Magharibi.